Kipanya Aliyeshindwa Kukata Kona

Pembeni mwa barabara, pale duka la viatu linapopakana na kinyozi, pana benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja ulishakatika ukawekewa tofali. Benchi halina mwenyewe, lakini jaribu kukaa mahali pa Gia Tano uone utakavyoondolewa kwa macho tu. Gia Tano aliendesha lori mpaka mgongo ukagoma, na hadi leo akisimulia safari zake mguu wake hukanyaga klachi chini ya benchi bila yeye kujua. Kushoto kwake hukaa Randa, seremala, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Kisha Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga milango ya mahakama, sheria zikamwingia kwa masikio. Mwuza kahawa wanamwita Birika, na mwenyewe hanywi kahawa, anadai inamkosesha usingizi. Mwisho kabisa, upande wa tofali, hukaa Bobini, fundi cherehani, mtu mpole wa mikono myepesi, ambaye kwa wiki nyingi sasa alikuwa akijaribu kuwaomba wenzake jambo moja na kushindwa.

Si kwamba alikosa maneno. Maneno alikuwa nayo, tena aliyafanyia mazoezi jikoni kwake huku akisubiri maji yachemke. Tatizo ni kwamba kijiwe hicho hakina nafasi ya mtu kuomba kitu. Ukifungua mdomo, kabla hujafika katikati ya sentensi, wenzako wameshaipokea, wameigeuza, na wanabishana juu ya jambo ambalo hukulisema.

Mada ilikuwa ileile tangu mvua zilipokatika: Kipanya. Kipanya hakuwa panya. Alikuwa kigari kidogo cha kuenea kiganjani, chenye mota mbili, betri na macho ya kumulika kuta, kilichotakiwa kuingizwa kwenye mzingile wa vijia vyembamba, kizunguke chenyewe bila kushikwa wala kuelekezwa, mpaka kifike katikati. Chuo cha ufundi kule juu kinafanya mashindano ya vigari hivyo kila mwaka, na anayetaka kuingia anaingia. Kijiweni walimpa jina siku ya kwanza tu walipomwona, na kwa kuwa ana jina, wakawa wanamwongelea kama mtoto wa ndugu.

Mwaka uliopita Bobini na mkewe walipita hapo chuoni wakitoka kwenye shughuli zao, wakasikia makelele, wakasimama mlangoni kuangalia. Mkewe aliangalia kigari kimoja kikihangaika kwenye vijia, akasema: "Hako hata wewe unakaweza." Basi, wakaenda zao nyumbani kupika. Kabla mwaka haujageuka mkewe akafariki, na katika maneno yote aliyomwachia, ya nyumbani na ya hospitalini, hilo ndilo lililokataa kutoka kichwani. Nyumba ilikuwa kimya mno. Bobini hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, wala wa kulia peke yake, kwa hiyo akatafuta mota.

Akamtengeneza vizuri. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye lilisahaulika. Magurudumu aliweka mawili tu, moja huku na moja huku, katikati kabisa ya mwili, kila moja na mota yake. Moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma, Kipanya anageuka palepale aliposimama, hahitaji hata inchi ya ziada. Betri aliilaza chini, juu ya ekseli, ili uzito wote ukae kwenye magurudumu na yasiteleze. Mbele, mahali pa gurudumu la tatu, akaweka kichwa cha skrubu kilichosuguliwa mpaka kikalainika, kiwe kinateleza tu sakafuni. Tairi alizifanya kwa zile raba nyembamba za kuzungushia uzi kwenye cherehani, zinazoshika vizuri kuliko plastiki. Pembe za mwili akazikata zote, maana kigari kinapogeuka kwenye kijia chembamba, pembe ndiyo inayogonga ukuta kwanza. Usiku wa kwanza alipomwachia juu ya meza, Kipanya aligeuka kushoto, akageuka kulia, akasimama. Bobini akageuza kichwa kumwonyesha mtu.

Kesho yake akamleta kijiweni. Na hapo ndipo alipofanya hesabu yake, ambayo mimi naiona ni ya mtu mpweke kabisa.

Mashindano yana sharti moja: kila kigari kiletwe na watu wawili. Mmoja anakiachia mlangoni mwa mzingile, mwingine anasimama upande wa pili na saa mkononi, anakipokea kikifika. Asiye na wa kumpokelea hapangwi. Kwa hiyo Bobini alihitaji mtu mmoja tu kutoka benchi zima, wa asubuhi moja tu ya Jumamosi. Badala ya kutegemea kuomba tu, akaamua kumtega. Kila aliyetoa wazo juu ya Kipanya, Bobini alilikubali na kwenda kulifunga. Alijiambia kwamba mtu akiona kitu chake kimo ndani ya kigari, mwenyewe atataka kwenda kuona kinafika wapi.

Gia Tano alisema gari la magurudumu mawili ni mkokoteni. Bobini akatoa magurudumu yake, akafunga manne, na ya mbele yakawa ya kukata kona kwa usukani. Randa alisema mwili wa plastiki ni aibu kwa mji wenye maseremala, akaleta ubao mgumu alioupiga randa mpaka ukang'aa, wenye pembe nne kali ambazo alikataa katakata zisikatwe. Wakili alisema chombo kisicho na bampa hakina utetezi kikigongwa, akatoa mfukoni springi za kalamu. Bobini akazifunga mbele, akazifunga nyuma. Kila jioni alirudi nyumbani na Kipanya mzito zaidi, akavua koti, akakaa mezani akitoboa na kukaza, na moyoni akiwa na furaha kidogo, kwa sababu kesho yake kutakuwa na la kuongea.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, walipanga maboksi matupu ya duka la viatu kwenye varanda, wakatengeneza vijia, kwa upana uleule wa chuoni. Mbele yao, juu ya ngazi, dada mmoja mgeni alikuwa akipaka rangi ukuta wa duka. Alikuwa amefika siku mbili tatu zilizopita na hakuna aliyemzoea.

Bobini akapiga moyo konde.

— Jamani, Jumamosi ndiyo kesho kutwa, alisema. Sasa mimi nilikuwa naomba…

— Unaomba grisi, Gia Tano akamkatiza. Nilikwambia. Ekseli ya mbele bila grisi inalia.

— Grisi inaharibu mbao, Randa akasema.

— Mbao gani? Kwani huyu ni kabati?

— Angekuwa kabati angesimama wima. Hayo magurudumu yako ndiyo yanampeleka kombo.

Wakawaka hapo kwa muda mrefu, grisi na mbao, mbao na grisi, mpaka Birika akawajazia vikombe ili wanyamaze. Bobini akajaribu tena. Safari hii alianza na chuo, akidhani chuo kitawatuliza. Alisema wale waandaaji wana sharti lao, lile la watu wawili, kama alivyowaambia juzi. Wakili alilidaka neno sharti na kuondoka nalo. Alieleza tofauti ya sharti na kanuni, akaingia kwenye kesi moja ya ng'ombe na uzio aliyoisikiliza mlangoni, na alipomaliza hakuna aliyekumbuka walikuwa wapi.

Basi wakamwachia Kipanya.

Alikwenda vizuri, lazima niseme. Alinyooka kwenye kijia cha kwanza, mzito, wa heshima zake, springi zikitikisika. Gia Tano akawa anakanyaga klachi. Kisha ikaja kona. Macho ya Kipanya yakaona ukuta, magurudumu ya mbele yakakata, mwili ukaanza kufuata, na pembe ya ubao wa Randa ikagonga boksi la kulia huku bampa ya nyuma ya Wakili ikiuma boksi la kushoto. Akakwama hapo mshazari, kama kochi mlangoni. Mota zikaendelea kulia.

Bobini aliinama akamzima. Alijua tangu jana, kabla hata hawajapanga maboksi. Alishampima jikoni. Kigari cha usukani kinahitaji nafasi ya kuzunguka, na nafasi hiyo haipo. Kilichobaki cha nafasi kilimezwa na pembe na bampa. Alijua, na bado alimleta hivyohivyo. Kumvua magurudumu ya Gia Tano ilikuwa kama kumwambia Gia Tano asije.

Kijiwe hakikuvunjika moyo. Kijiwe hicho hakijawahi kuvunjika moyo na kazi ya mtu mwingine.

— Ni mfupi, Gia Tano alitoa hukumu. Gari refu ndilo linalojua mkia wake ulipo. Mfungie tela.

— Tela kwenye kona hiyo?

— Tela linavuta mgongo unyooke. Waulize madereva.

Randa akasema kosa ni magurudumu yenyewe, yatolewe yote. Chini awe ubao mtupu uliopakwa nta, ateleze mwenyewe kama sabuni bafuni. Walipomuuliza kitu gani kitamsukuma, alisema hilo ni suala la umeme, yeye ni mtu wa mbao.

Wakili aliweka kikombe chini, dalili kwamba anakuja na kitu kizito.

— Shabaha ni afike katikati. Hakuna mahali palipoandikwa apitie vijiani. Apite juu ya ukuta.

— Hairuhusiwi kuruka ukuta, Bobini alisema taratibu.

— Kuruka hairuhusiwi. Kupanda je? Na akiupanda, akatulia huko juu, akatafakari, halafu akashuka, hapo kuna mruko?

— Atapandaje na bampa zako? Randa akauliza.

— Bampa zina springi. Kwani springi kazi yake nini?

Birika, ambaye huwa hachangii, alisema wanahangaika bure, panya anakimbia akimwona paka, basi wamweke paka nyuma. Wakamwambia Kipanya hana pua wala moyo, hawezi kumwogopa paka. Birika akafikiri, akasema basi paka naye atengenezwe. Hapo Bobini alicheka mpaka akashika ubavu. Walicheka wote. Randa alimwegemea begani akifuta machozi na vumbi lake, na kwa dakika hiyo Bobini hakutaka kitu kingine chochote duniani, si mashindano wala mzingile. Alitamani wabaki hivyo, kigari kimekwama na watu wanacheka.

Lakini kicheko kina mwisho wake. Kilipokwisha alisikia kinyozi anazima mashine yake, akajua jioni inakuja. Hiyo saa haipendi. Ni saa ambayo mjukuu wa Gia Tano hutokea pembeni na kusema babu unaitwa, mke wa Randa hupiga simu mara moja na kukata, na Wakili husimama akilalamika kwamba nyumbani hawawezi kula bila yeye. Wanalalamika, lakini wanakwenda. Bobini hubaki akimsaidia Birika kusuuza vikombe, na Birika naye ana kwao.

Dada wa rangi alishuka kwenye ngazi, akafuta mikono kwa kitambaa, akaja mpaka kwenye benchi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, waliitikia kwa pamoja.

Aliomba kahawa. Birika aliinamisha chombo chake mpaka mwisho, kikombe kikafika nusu, akamwomba radhi. Dada akasema inatosha. Alichuchumaa kwenye maboksi, akamwangalia Kipanya bila kumgusa, akasema amekuwa akiwasikia kutoka huko juu siku zote hizi na kazi imemwendea haraka kwa ajili yao. Gia Tano akajiweka sawa mahali pake, akajiandaa kuulizwa juu ya magurudumu.

— Kuna kitu kimoja sikukielewa, dada alisema. Mzee hapa juzi alisema wanatakiwa watu wawili, na leo kasema tena. Mmoja wa kumwachia, mmoja wa kumpokea. Sasa, wa kumpokea ni nani?



Gia Tano mguu wake uliacha klachi. Randa alianza kujipangusa nyusi, kitu ambacho hajawahi kufanya mbele ya watu. Wakili, mwenye kifungu kwa kila jambo, alitazama ndani ya kikombe kikavu kana kwamba kuna kilichoandikwa. Birika alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa mikononi mwa watu.

Bobini aliwaangalia mmoja mmoja, na hapo ndipo alipojua. Wiki zote hizo alikuwa akiamini hawakumsikia. Alijilaumu kwamba sauti yake ni ndogo, kwamba anaanzia mbali mno, kwamba anachagua saa mbaya. Dada aliyekuwa juu ya ngazi, mwenye brashi mkononi na magari yakipita, alisikia. Basi na hawa walisikia, tangu mara ya kwanza. Walisikia kila mara, na kila mara walikimbilia kwenye magurudumu.

Iliuma. Iliuma mahali palepale panapouma anapofungua mlango wa nyumbani. Lakini hakuweza kuwakasirikia. Aliwajua. Gia Tano hajawahi kukanyaga chuo chochote na asingependa kuonekana amesimama katikati ya wasomi akishika saa asiyoelewa inapima nini. Jumamosi ya Randa ni ya wateja wanaokuja kuchukua milango yao. Wakili ana wajukuu, ana harusi, ana watu wa kumtaka. Hapa benchini walimpa kila walichokuwa nacho, ubao, springi, magurudumu, kicheko. Asubuhi ya Jumamosi hawakuwa nayo ya kumpa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Sasa walikuwa wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja sahani, wanaume wazima, na yeye hakuweza kuvumilia kuwaona hivyo.

— Ninaye mtu, Bobini alisema.

Walinyanyua vichwa.

— Wa kumpokea. Ninaye. Tumeshaongea, msiwe na wasiwasi.

Ungeliona benchi lilivyopumua. Randa aliacha nyusi zake. Wakili alisema naam, ndivyo inavyotakiwa, jambo kama hilo mtu halipangi dakika ya mwisho, na akampongeza. Birika aliwarudishia vikombe vikavu walivyokuwa wameshampa. Dada wa rangi alimtazama Bobini usoni, akafungua mdomo, akaufunga. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda ngazi yake kumalizia pembe ya juu kabla giza halijaingia.

— Sasa kama hilo limekwisha, Gia Tano alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote, mimi nabaki palepale. Tela.

— Tela! Randa akacheka.

— Fupi tu. La magurudumu mawili.

— Na bampa, Wakili akaongeza. Tela bila bampa mahakama haikuelewi.

Wakaanza upya, kwa furaha kuliko mwanzo, wakisukumana mabega na kuchora hewani kwa vidole. Bobini alimchomoa Kipanya kwenye maboksi, akampangusa vumbi, akampakata. Aliitikia kila walichosema. Alijua wakati wowote mmoja wao atamgeukia amuulize huyo mtu ni nani, wanamfahamu, anakaa wapi, na kwa ajili hiyo alikuwa ameshaandaa jina, la mtu ambaye hayupo, akampa na kazi, fundi redio, na mtaa wa mbali kidogo ili wasiseme wangemwona. Alikaa na jina hilo mdomoni mpaka mjukuu wa Gia Tano akatokea pembeni, mpaka simu ya Randa ikalia mara moja na kukatika, mpaka Wakili akasimama na kulalamika.

Waliagana vizuri. Walimtakia heri ya Jumamosi, wakampiga mgongoni, wakamwambia asiwasahau akishinda. Hakuna aliyemuuliza ni nani.